Walinitafutia Kishikwambi Rahisi

Wewe uliyeambiwa wiki hii kwamba zoloto lako litaondolewa, ukarudi nyumbani hujui hata zoloto ni nini, nakuandikia wewe. Na mimi sikujua. Nimesoma, nimefanya kazi serikalini mpaka nikastaafu, na sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba zoloto linamuuma. Daktari alijishika shingoni akanionyesha, akasema sauti ya mtu inatokea hapo. Nikamuuliza kwa ile sauti yangu ya kukwaruza iliyokuwa imebaki, "Sasa ukipaondoa hapo, yangu itatokea wapi?" Akaanza kupangapanga karatasi zake mezani.

Habari za saratani yenyewe sikuelezi. Wapo waliosomea, waulize hao, na uwaulize mara mbili. Mimi nitakueleza habari za mabenchi, za shingo, za watoto wako watakavyokupenda mpaka utamani kuwachapa, na za kishikwambi. Hicho kishikwambi kilinikosesha raha kuliko hata kisu. Soma ukiwa umekaa, kama unaweza kukaa. Mimi sikuweza.

Naitwa Damari, Mama Yona. Ni Mgogo wa Buigiri, mjane, na nyumba yangu ipo hapa Dodoma mjini. Tuliijenga na marehemu chumba kwa chumba. Kazini nilikuwa katibu muhtasi, zamani tukiitwa mataipisti. Bosi anasema, mimi napiga. Nilipata mabosi wapole na mabosi wenye midomo isiyo na breki, na wote niliwaandikia walichosema, hata pale nilipotamani kuwafutia neno. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua maisha yangu yote, kwamba neno la mtu ni lake.

Sauti ilianza kukwama na mvua za kwanza. Nikasema ni mafua. Nikatafuna tangawizi, nikanywa asali, nikaacha kuimba kwaya kwa muda. Zabibu zilipoanza kuuzwa barabarani, mwezi wa tatu, sauti ilikuwa imekuwa ya mwanamume mzee. Siku moja Yona, mwanangu wa kwanza, anayeishi Dar es Salaam, alinipigia simu. Nikapokea, nikasema haloo. Akasema, "Shikamoo, naomba kuongea na mama." Nikamwambia ni mimi. Akasema kesho niende hospitali, na hakuniomba, aliniamuru.

Basi yakaanza mabenchi. Kama hujakaa kwenye benchi la rufaa, jiandae. Watu wametoka Kondoa, wametoka Singida, wengine wamelala stendi ili wawahi, na kila mtu anamuuliza mwenzake ameshaitwa au bado. Mimi kukaa kulinishinda. Nilikuwa nasimama, nasoma matangazo ya ukutani, hata lile la kunyonyesha watoto wachanga nilisoma lote na uzee wangu huu. Nikirudi nakuta nafasi imechukuliwa. Siku ya tatu au ya nne mama mmoja wa Kondoa, sijui hata jina lake, alitandika mtandio wake pale nilipokuwa nimekaa akawa anawaambia wanaokuja, "Hapo pana mtu." Niliporudi akautoa, akaukunja, wala hakunisemesha. Nililia kwa ajili ya ule mtandio. Majibu yalipotoka sikulia.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam, na baada yake mionzi. Nilikaa kwa Yona miezi hiyo yote. Nitakuambia ukweli kuhusu mwili, maana hakuna aliyeniambia mimi. Utapumulia tundu lililopo chini ya shingo. Ukipiga chafya, itatokea hapo. Hutaweza kupuliza chai ikiwa ya moto, utaisubiri ipoe mwenyewe, na mimi ni mtu wa kunywa chai nikiwa nimesimama. Harufu zitapotea, vitunguu vitakaangwa jikoni na wewe huna habari. Mionzi iliniunguza ngozi ya shingo ikawa nyeusi, ikababuka, nikawa nalala nimekaa. Kucheka utacheka, ila mabega tu ndiyo yatakayocheza.

Yona alinisafisha mrija uliowekwa kwenye lile tundu la shingoni kwa mikono yake. Nasema hivi mapema ili usije ukadhani nina mtoto mbaya. Sina mtoto mbaya hata mmoja.

Tatizo lilianzia kliniki. Daktari anaingia, ananiangalia, kisha anamgeukia Yona: "Mama anaendeleaje?" Yona anajibu: "Anaendelea vizuri, daktari." Mimi nipo pale katikati yao. Nilikuwa naendelea vibaya! Nikavuta karatasi nikaandika: "Silali. Nakohoa mno. Na uji mnaotupa hapa tukisubiri mionzi umepoa kila siku." Nikampa Yona asome. Mwanangu akakohoa kidogo, akasoma: "Mama anasema anashukuru sana kwa huduma, ila usingizi ndiyo unasumbua kidogo."

Nikampiga kofi la gotini. Tulipotoka nje akaniambia, "Mama, hatuwezi kusema habari za uji mbele ya watu, wametusaidia." Nikaandika: "Umenisemea mimi au umejisemea wewe?" Akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Nikadhani ni Yona tu. Niliporudi Dodoma nikakuta Eliza naye ni vile vile. Eliza ni binti yangu, anafanya kazi wizarani, kule Mtumba, na alikuwa amepanga huko huko karibu na kazi. Jirani yetu mmoja alikuja kuniona, akaomba sala ndefu, akakaa, akaanza kunisimulia watu wote anaowajua waliokufa kwa saratani. Nikaandika: "Nimechoka, aende." Eliza akaisoma, akatabasamu, akasema, "Mama anafurahi mno kukuona, anasema karibu chai." Yule mama akavua viatu vizuri akaegemea kiti. Mimi nikanyanyuka nikaenda kufagia uani, ambako palikuwa hapana hata jani.

Nilijua kwa nini wanafanya hivyo. Ndivyo nilivyowalea mwenyewe. Mgeni haambiwi aende, aliyekusaidia haambiwi uji umepoa, na neno kali la mzazi halitolewi nje likiwa bichi, mtoto mwenye adabu analipika kwanza. Wakati nina sauti, neno nililisema mwenyewe na nikalitetea mwenyewe. Sasa kila nilichosema kilipita kwenye mdomo wa mtu mwenye adabu. Nilikuwa natoweka ndani ya nyumba yangu huku wote wananipenda. Hofu hiyo ilinikaa kifuani kuliko ile ya ugonjwa kurudi.

Zipo njia nyingine za kuongea, kuna kifaa cha kubana shingoni kinachounguruma ukatengeneza maneno. Jaribu, wapo kinaowafaa. Shingo yangu baada ya mionzi ilikuwa ngumu, kikanikataa.

Ndipo watoto wakakubaliana kuninunulia kishikwambi. Yona akasema kwenye simu, "Kiwe rahisi, cha wazee, mama asihangaike." Tukaingia duka moja mjini, mimi na Eliza. Kijana muuzaji akamtazama Eliza, akauliza, "Bibi anaona vizuri?" Eliza akasema naona. "Anajua kusoma?" Kilichokuwa kwenye maonyesho kilikuwa kimewaka, nikakivuta nikaandika: "Bibi anasoma. Anasikia pia." Kijana akacheka, akasema shikamoo. Hakuniuliza tena habari zangu, ila hakuacha kunipendekezea makubwa yenye picha.

Wakanunua cha picha. Nilikubali kwa sababu niliwaona wote wawili wamechoka, Eliza kazi na mimi, Yona kusafiri kila mara. Ukikiwasha unaona picha kubwa: glasi, sahani, kitanda, choo, kidonge, msalaba wa hospitali. Ukigusa glasi, kinasema kwa sauti ya mwanamke aliyejifunza Kiswahili kwa mbali sana, "Ninataka. Maji." Ukigusa choo, "Ninataka. Kwenda. Chooni." Yaani mtu aliyekitengeneza aliona mgonjwa ni wa kutaka tu. Nikaitafuta hapana, nikageuza kurasa zote, hapana haipo. Sitaki haipo. Ngoja kwanza haipo.

Mchana huo huo watoto wa jirani walikuja, watatu, wakapanga mstari kama walivyofundishwa. "Shikamoo, bibi." Unajua mtoto aliyelelewa akiamkia anasubiri aitikiwe. Wakasubiri. Mimi napekua picha, jasho linanitoka, marahaba siioni. Mdogo wao akarudia kwa nguvu akidhani sikusikia. Nikagusa nilichokiona cha karibu. Kishikwambi kikasema, "Ninataka. Kwenda. Chooni." Wakatazamana, wakakimbia. Nilisikia wanacheka mpaka nje ya geti, na kusema kweli baadaye mabega yangu nayo yalicheza. Ila kwa wiki mbili wale watoto wakipita hawakuingia kuniamkia tena, na hiyo iliniuma.

Nikaacha picha, nikaenda kwenye kibodi yake. Vidole vyangu bado vinajua kazi. Lakini mazungumzo ya watu hayana subira. Ukimaliza kuandika, wameshahama, wanaongelea bei ya mahindi. Na ile sauti ya mbali ilisoma vibaya maneno yangu mazuri mpaka mtu anauliza, "Kimesemaje?" Na Eliza ananyoosha mkono, "Lete mama nikusomee." Unajua alivyosoma.

Kwa hiyo ukiwa unatafutiwa kishikwambi, au unamtafutia mzazi wako, sikiliza. Usiulize kama ni rahisi, uliza rahisi kwa nani. Kishike mwenyewe kwa muda mrefu pale pale dukani, uone kama mkono unachoka. Kitoe nje kwenye jua la mchana uone kama maandishi yanaonekana, maana ukikaa Dodoma utakaa barazani. Sauti yake isikike pakiwa na kelele. Kisijifunge chenyewe kila ukipumzika kidogo, utakuwa unahangaika kukifungua wakati watu wameshajijibia. Na la muhimu kuliko yote, kiwe kinakubali kuingiziwa maneno yako mwenyewe kwa sauti ya mtu. Changu kilikubali. Eliza aligundua jioni moja akiwa anahangaika nacho, kumbe kilikuwa na uwezo huo tangu siku ya kwanza, hakuna aliyeutafuta. Unaongeza kisanduku, unarekodi sauti, unaandika jina juu yake. Nikamkumbatia Eliza. Yeye akadhani nafurahia kishikwambi.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Upepo wa mwezi wa saba wa mwaka uliofuata ulikuwa umeanza, ule mkavu unaonyanyua vumbi lote la Dodoma na kulipeleka kwa jirani. Mtu anayepumulia shingoni hana pua ya kuchuja. Nilikuwa nakohoa mpaka naona nyota, nabadilisha kitambaa chenye maji shingoni mara kwa mara. Na Yona akasema basi imetosha. Nihamie kwake. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu, hospitali iko karibu, nyumba hii itapangishwa kwa watumishi, wanatafuta sana nyumba. Aliniambia kwa simu na akaendelea kuniambia, nami siwezi kujibu simu. Akatangaza kikao cha familia, atakuja mwenyewe, na Shemeji Ndahani, kaka wa marehemu, atakiongoza.

Nikaandika kwenye simu: "Siendi." Yona akajibu: "Tutaongea vizuri mama, usijali." Nikaandika tena. Nikasikia baadaye kwa Shemeji kwamba ameambiwa mama anafikiria, ana wasiwasi kidogo wa safari. Nilizunguka nyumba ile. Nilipanga kabati, nikalipangua. Nilijua kikao kitakavyokuwa. Nitaandika, mtu atasoma, nitashukuriwa kwa maneno ambayo sijayasema, na nitajikuta kwenye treni.

Nikamwita mdogo wangu Tabitha kutoka Buigiri. Akaja na karanga na mlenda uliokaushwa, akaingia na ile sauti yake inayojaza nyumba. "Shikamoo, dada." Nikampa mkono. Sauti ya Tabitha na yangu zilikuwa moja. Marehemu mume wangu mara nyingi alimsemesha Tabitha kwenye simu maneno ya mkewe. Tulivyotamka maneno, tulivyovuta Kigogo ndani ya Kiswahili, vyote sawa.

Nikamkalisha jikoni, Eliza akiwa kazini, nikamwandikia maneno ya kusema. Nikabonyeza kurekodi. Neno la kwanza lilikuwa marahaba. Tabitha akalisema, nikaligusa, likatoka. Nakuambia nilishika ukingo wa meza. Ilikuwa sauti yangu, imezidi nguvu kidogo. Tabitha akaniangalia akafunika mdomo wake kwa kanga.

Tukaendelea. Sitaki. Ngoja nimalize. Niacheni nijibu mwenyewe. Nimechoka, kwaheri. Uji umepoa. Halafu nikamwandikia "Siendi". Akabonyeza, akasema, "Wanangu, samahani sana, mimi naona kama siendi." Nikatikisa kichwa, nikafuta. Akarudia, "Jamani, kwa kweli siendi, mnisamehe." Nikafuta. Nikamwonyesha neno lenyewe kwa kidole.

"Siendi tu, dada? Kavu hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Watasema umekasirika."

Nikamwandikia kwamba nimekasirika. Akaguna, akavuta pumzi, akasema, "Siendi." Akasogeza kiti akasema yeye siku ya kikao atakaa nyuma.

Watoto wa jirani waliitwa kesho yake kwa karanga. Wakaniamkia, wamejiandaa kukimbia. Nikagusa. "Marahaba." Mdogo wao akachungulia nyuma ya kiti changu kumtafuta aliyesema. Kisha akaniamkia tena, na tena, mpaka kaka yake akamvuta.

Kikao kikafika. Shemeji Ndahani akafungua kwa sala, tukasalimiana wote kwa mzunguko, na mimi nikawaitikia wanangu kwa sauti. Eliza aliweka mkono kifuani. Yona alitazama kishikwambi, akamtazama Tabitha aliyekuwa nyuma. Kisha akapewa nafasi.

Aliongea vizuri, mwanangu. Alieleza vumbi, akaeleza hospitali, akaeleza ule mrija kuziba mtu akiwa amelala. Akasema, "Baba Mkubwa, mtu mwingine akibanwa anapiga kelele jirani wakaja. Mama akibanwa, nani atasikia?" Watu wakainamisha vichwa. Hata mimi niliinamisha, kwa sababu swali hilo nilikuwa nalo kila nikizima taa.

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, umesikia maneno ya watoto."

Nikagusa. "Siendi."

Neno lile lilikaa pale sebuleni kavu kabisa. Tabitha akainama kutafuta kitu chini ya kiti. Yona akaweka tabasamu lake la kliniki, akasema, "Anachomaanisha mama ni kwamba angependa apate muda..."

"Siendi."

"Ni wasiwasi wa safari, Baba Mkubwa, ni kawaida kwa mtu aliye..."

"Niacheni nijibu mwenyewe."

"Sawa mama, lakini mimi nasema tu kwamba..."

"Ngoja nimalize."

Shemeji Ndahani akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Akajifuta macho. Halafu akawa mzito tena. "Yona, mwanangu. Mimi nimekuja hapa nikiwa nimeambiwa shemeji anafikiria. Kumbe alishajibu. Nimemsikia mwenyewe." Akauliza sasa tunafanyaje kuhusu vumbi na usiku, siyo kuhusu kuhama. Eliza akasema taratibu kwamba atarudi nyumbani, Mtumba ataenda na kurudi, na mlango wa chumba changu hautafungwa. Tabitha akasema miezi ya upepo atakuwa anakuja. Mambo yakapangwa pale pale. Nilikuwa nimeshinda.

Yona alitoka nje kabla ya chai.

Nilimpa muda kidogo, nikashindwa kukaa, nikamfuata. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, ameligeuzia mgongo dirisha. Upepo ulikuwa unampeperushia vumbi na hajali. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mtu mzima yule, ana watoto wake, analia pembeni ya tangi ili Baba Mkubwa asimwone. Nikasimama karibu yake, nikainua kishikwambi nimtafutie neno.

Nikavipitia visanduku vyote. Sitaki. Siendi. Ngoja nimalize. Nimechoka, kwaheri. Uji umepoa. Nilikuwa nimerekodi kila namna ya kukataa, na hakuna hata kimoja cha kumwambia mtoto anayelia. Nilijisikia vibaya, siwezi kukuficha. Nilipigania sauti yangu mpaka nikasahau kwamba ilikuwa na kazi nyingine.

Nikafungua kibodi. Kwa mara ya kwanza vidole vyangu vilikwenda polepole. Nilipomaliza sikugusa pale pa kusomewa. Nikamgusa mkono, nikampa kishikwambi ashike mwenyewe. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Alisoma kimya kwanza, midomo ikicheza. Akanitazama shingoni, akanitazama usoni, akasoma tena, sasa kwa sauti, neno kwa neno kama nilivyoandika, bila kuongeza na bila kupunguza:

"Na mimi naogopa, Yona. Ila nataka niogopee hapa kwangu."